Betri Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Ndunda alikuwa na pua. Usicheke. Mafundi wa waya pale Machakos wana mita, wana taa za kupimia, wana maneno mengi kushinda mita na taa. Ndunda alikuwa na hayo yote na pua juu yake. Ungemletea gari nyumbani kwake, upande wa Mutituni, ambako uwanja ndio ulikuwa karakana, naye kabla hujafungua boneti angeinama kidogo na kusema, "Betri inachemka. Inanuka yai viza." Ukifungua, unakuta ni kweli, betri imevimba mbavu na imelowa maji juu.

Kila mteja alisomewa somo lile lile. "Ukisikia hiyo harufu, usingoje. Zima chaja, fungua milango, toka nje. Na ukiacha kuisikia usidhani imeisha. Hiyo gesi inaua pua kwanza, halafu inakuja kwako mwenyewe." Alilisema mara nyingi hivi kwamba mkewe, Nzisa, alikuwa akimwigiza jikoni na kumchekesha.

Sasa, trela. Mzungu mmoja aliyekuwa akiishi Lukenya alirudi kwao, akauza vitu vyake, na Ndunda akachukua trela yake ndogo ya kupigia kambi. Ilikuwa na kitanda kimoja, meza ya kukunja, madirisha mawili ya kusukuma na paneli ya sola juu ya paa. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mpango ulikuwa kuikodisha kwa vijana wa Nairobi wanaokuja kupanda mawe ya Lukenya, na wale wanaoenda bwawa la Masinga kuchoma nyama na kujipiga picha. Ilikosa kitu kimoja tu: betri yake ilikuwa imekufa.

Akaenda mjini kwa Fardowsa, muuza betri. Fardowsa hakujua kufunga hata balbu, lakini alijua betri kama baba yake alivyojua ngamia, na hakuuza kabla ya kuuliza.

"Itakaa wapi?"

"Nje, mbele, kwenye chuma cha kuvutia."

"Ya nje chukua hata ya maji, hewa iko. Lakini ikiingia ndani, Ndunda, wallahi chukua lithiamu. Ama hii ya jeli, imefungwa kabisa. Mtu halali na betri ya maji chumba kimoja."

"Ya maji naijua mimi. Naifungua, naiongeza maji, naiona ikizeeka. Hiyo lithiamu ikikufa inakufa ghafla kama mtu wa presha, haikuagi."

"Sema bei imekuuma."

"Na bei pia," Ndunda akakubali, wote wawili wakacheka, akabeba ya maji.

Aliifunga nje, mbele, kama alivyosema. Wiki ya pili wezi wakapita mtaani wakang'oa betri tatu usiku mmoja, moja kwenye lori lililokuwa na mlinzi ndani. Ikabidi iingie. Mahali pa kuingia palikuwa pamoja tu, sandukuni chini ya kitanda.

Na aliifunga vizuri, asije mtu akasema vingine. Aliiweka ndani ya kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana, akalikaza kwa mkanda hata trela ingepinduka isingechomoka. Fyuzi aliiweka shibiri moja kutoka kwenye kichwa cha chanya, si kule mbali kama mafundi wa haraka. Waya ulikuwa mnene kama kidole. Kutoka kwenye kifuniko akapitisha mpira wa hewa, akatoboa ukuta, akautoa nje, ili gesi yoyote ikatokee uani na si puani mwa mtu aliyelala. Akakaa nayo siku tatu jua kali, akiinama na kunusa ndani. Hakuna. Nje kwenye mpira, hakuna. Akajiambia lithiamu ataiweka mwezi wa nane, mambo yakikaa sawa.

Lakini betri ya maji ni kama mbuzi wa maziwa, lazima uitazame. Kila baada ya wiki mbili tatu uinue godoro, ufungue vifuniko sita vya vyumba vyake sita, uone maji yako wapi. Chumba kimoja kati ya vile sita kikifa, chaja haijui; inaona betri haijai, inazidi kusukuma moto, vile vitano vinachemka mchana kutwa. Ndunda alijua hilo kama anavyojua jina lake.

Kisha mama akaja.

Mama yake Nzisa aliitwa Kavindu, mjane wa Kivaa, mwenye shamba la ndengu na sukari mwilini ya miaka kumi. Mwiba ulimchoma unyayoni, kidonda kikakataa kupona. Daktari akataka kiwe kinafungwa upya kila baada ya siku moja, na dawa ya sindano ikae baridi, na Kivaa stima huja na kwenda inavyotaka. Nzisa alikuwa binti pekee. Mama aje Machakos, hakuna mjadala.

Alale wapi? Hapo ndipo watu wa mjini huniuliza: si sebuleni? Sebuleni wapi! Kwa Wakamba wa sampuli ya Kavindu, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Ndiyo nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Mkwe hampi mama mkono, anamsalimia kwa mbali. Hali naye sahani moja. Na mahali anapolala, kitanda chake, shuka yake, mkwe hapakanyagi wala hapatazami, na akipakanyaga, mbuzi anatoka zizini. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao kanisani, sawa, ni mambo yao. Kavindu hakuwa kijana na Ndunda alilelewa na bibi yake.

Nzisa ndiye aliyepata jibu. "Trela iko na magurudumu," alisema. "Si nyumba."

Ndunda alicheka mpaka akashika meza. Kavindu, kwa simu, hakucheka. Alifikiri siku nzima, akapiga tena: "Kama iko na magurudumu, sawa."

Akaja na furushi na kopo la mbegu. Ndunda alimpenda mama yule, na hili lazima lisemwe. Alipokwenda kuoa akiwa hana kitu, wajomba walitaka kumrudisha. Kavindu ndiye aliyetuma neno kutoka jikoni: "Mwacheni kijana. Mbuzi watakuja, mikono yake inatosha." Kwa hiyo alimwekea friji ndogo ya dawa, akamwekea taa ya kusomea Biblia, akamfungia ngazi ya mbao asiumize mguu. Na tangu jioni Kavindu alipoweka furushi juu ya kile kitanda, Ndunda hakuingia tena. Mlango ukiwa wazi, alitazama pembeni.

Betri ikabaki chini ya kitanda cha mama mkwe.

Wakatafuta njia. Jumapili mama akienda kuota jua, Nzisa aliingia, na Ndunda alisimama nje, uso kwenye ua, akatoa amri kupitia ukutani.

"Inua godoro. Umeona kasha?"

"Nimeona."

"Fungua vile vifuniko. Maji yamefunika bati?"

"Yamefunika."

"Vyote sita?"

"Ndunda, najua kuhesabu."

Linet, jirani wa nyumba ya tatu, alipita siku moja akashika kiuno. "Ai! Fundi siku hizi anatengeneza kwa redio?" Na kweli ilichekesha, na ilifanya kazi. Miezi miwili ilifanya kazi.

Mwezi wa nane ukaja ukapita, na lithiamu ikabaki dukani kwa Fardowsa. Mwezi wa tisa kiwanda cha nguo ambako Nzisa alishona, kule EPZ Athi River, kikapata oda kubwa ya suruali za ng'ambo. Ovataimu, na Jumapili pia. Alikuwa akirudi na nyuzi za buluu nyweleni, anafunga mguu wa mama macho yakifumba, anakula akisinzia. "Nzisa, ile betri," Ndunda angesema. "Kesho," angejibu, kijiko mkononi. Jumapili tatu zikapita godoro halijainuliwa, na Ndunda alizihesabu zote tatu.

Jumatatu asubuhi alikuwa akipita nyuma ya trela amebeba alternata ya gari. Akasimama. Yai viza.

Pua ikamwambia ni betri. Kisha kitu kingine ndani yake kikasema, Ndunda, huo ni mguu. Alikumbuka mjomba wake aliyekuwa na sukari, jinsi chumba chake kilivyonuka kabla hajakatwa mguu. Akaona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu mtu akiwa ndani, akaondoka haraka na alternata yake. Ingekuwa gari la mteja angelifungua kwa nyundo. Lakini kitu ambacho mkwe haruhusiwi kukitazama, atakinusaje? Ataanzia wapi kusema amekinusa?

Jumanne ilizidi. Kavindu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mguu juu ya tofali. Ndunda akasimama hatua zake tano, kama kawaida, akamwita mama na kumjulia hali kwa Kikamba.

"Mwaitu, wi museo?"

"Ni museo, Baba Mwende." Ndivyo alivyomwita mkwewe, kwa jina la mtoto wake. Lakini aliinuka akisema hivyo, akavuta kigoda akachechemea mpaka upande wa pili, upepo unakoelekea, akajifunika leso mpaka kifundoni. "Usikaribie, baba. Kuna... kuna vumbi huku."

Vumbi halikuwepo. Ndunda akamwonea huruma. Akajiambia: anajua mwenyewe kwamba ananuka, maskini, na anajua kwamba nimejua. Akaenda akajificha chini ya lori la mtu na hakutoka mpaka saa saba.

Jumatano asubuhi alimwambia Nzisa, "Mama..."

"Mama nini?"

Kusema ilikuwa rahisi kiasi gani! Mama trela yake inanuka, angalia betri. Maneno sita. Lakini kama ni mguu? Mwanamume atamwambia mkewe, mama yako ananuka?

"Mama anakula vizuri?"

"Anakula," Nzisa akasema, akafunga viatu, akatoka.

Alhamisi harufu ikaisha. Alipita nyuma ya trela makusudi, akasimama, akavuta pumzi ndefu. Hakuna. Alasiri akapita tena. Hakuna kabisa. "Mungu mkubwa, kidonda kinapona," alisema kwa sauti, na siku hiyo alifanya kazi akipiga mluzi. Somo lake mwenyewe, lile la kila mteja, halikumjia hata neno moja. Mganga hajigangi, na fundi naye ni hivyo hivyo.

Jumamosi jua lilichoma tangu asubuhi. Uwanjani kulikuwa na magari matatu na wenyewe wamesimama, watu wageni, na kwa sababu hiyo Kavindu hakutoka kuota jua. Kwenye saa sita Ndunda alichukua galoni ya maji ya betri kuiweka karibu na ngazi. Nzisa alikuwa atoke kazini saa saba, na leo, hata akisinzia, angeinua lile godoro. Hapo ndipo alipoona madirisha. Yote mawili yalikuwa yamefungwa. Mlango umefungwa. Na jua hilo!

"Mwaitu!"

Kimya.

"Mwaitu, wi museo?"

Aliweka kiganja ukutani, pale ambapo kwa ndani ndipo kasha lilipo. Ukuta ulikuwa moto kama ubavu wa sufuria. Na sasa akajua yote kwa pamoja, tangu Jumatatu.

Mlango ulikuwa hatua mbili. Alizipiga. Akashika kitasa. Na mkono ukarudi wenyewe. Je, kama amelala tu? Kama amejifunua kwa joto? Nataka uelewe kwamba hakuwa mjinga wala mwoga. Miaka arobaini na mbili mkono ule ulifundishwa kitu kimoja, na ulitii.

Akakimbia kwa Linet. Linet alikuwa bafuni.

"Linet! Njoo umwamshe mama!"

"Nini? Ngoja nivae!"

Akangoja. Fikiria, akangoja, amesimama nje ya bafu la mabati akipigapiga paja. Linet akatoka na leso kifuani na povu shingoni, wakakimbia, akafungua mlango wa trela. Hakufika hata ngazi ya pili. Alirudi nyuma akikohoa, macho yakitoka machozi, akakaa chini kwenye vumbi.

Ndipo Ndunda alipovuta pumzi, akaifunga kifuani, akaingia.

Kavindu hakuwa kitandani. Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, kichwa upande wa mlango, mkono umenyooka. Ndunda alimbeba kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akatoka naye, akamlaza kwenye kivuli cha lori. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alikuwa amemgusa. Leso ilikuwa imefunguka nusu, na mguu wenye bandeji ulikuwa wazi mbele ya wateja watatu.

Alipumua. Mara moja, na baada ya muda, mara ya pili. Macho yakafunguka kidogo yakamwona Ndunda aliyeinama juu yake. Mkono ukatafuta, ukashika pindo la leso, ukalivuta, ukaufunika ule mguu.

Mteja mmoja aliwapakia. Linet alimshika njiani akimwita, Mama, Mama Nzisa, na walipopita kwenye taa za mjini alikuwa anamwita mtu ambaye hayupo.

Hospitalini muuguzi alifungua bandeji ili aandike. Ndunda alikuwa mlangoni, uso kwenye ukuta. "Aliyekuwa anaosha hiki kidonda ameosha vizuri," muuguzi alisema. "Kilikuwa kimekauka. Wiki moja tu kingefunga." Hakikunuka kitu ila dawa.

Nzisa alifika na nyuzi za buluu begani. Alilia kwanza, halafu akazungumza akitazama sakafu. "Jumatano jioni aliniuliza, 'Nzisa, mimi nanuka?' Nikamwambia hapana, mwaitu, hunuki. Pua yangu iko na vumbi ya kitambaa, sinusi hata mafuta ya taa. Akasema najua unanificha. Akasema, 'Haidhuru mimi. Ni Baba Mwende anapita hapo nyuma.'" Ndunda alimshika bega.

Kabla jua halijazama alirudi nyumbani peke yake. Alikata waya kwanza, mlango wazi, madirisha wazi. Akafungua kasha. Chumba cha tano kilikuwa kikavu, bati limepinda, na vile vingine vimechemka mpaka chini. Lakini mpira wa hewa ulikuwa mahali pake. Gesi yote ingepaswa kutoka nje, kama ilivyotoka Jumatatu na Jumanne, kama alivyoinusa mwenyewe. Alizunguka nyuma.

Kwenye mdomo wa mpira kulikuwa na gunzi la mahindi. Lilikuwa limechongwa likatosha, likavishwa kipande cha leso, likafungwa kwa uzi wa mabandeji, mizunguko mingi, vizuri sana, kama mama wa Kivaa anavyoziba kibuyu cha maziwa. Kavindu aliutafuta mlango ambao harufu yake ilikuwa ikitokea kumwendea mkwe wake, akauona, akauziba. Kisha akafunga madirisha. Ndunda alikaa chini na gunzi mkononi mpaka Linet akaja kumwinua.

Walimzika kule Kivaa, karibu na ndengu zake. Baada ya watu kula, ndugu zake walikaa na mkwe wao, kwa sababu neno lilikuwa limewafikia. Kiema, kaka wa marehemu, mtu mpole anayesema polepole, ndiye aliyeanza.

"Hakuna anayekulaumu, Ndunda. Uliingia anapolala, ukamshika, na ilibidi. Lakini mila ni mila. Utaleta mbuzi mmoja, tuyamalize."

"Nitaleta," Ndunda alisema.

"Basi yameisha."

"Hayajaisha." Alitoa gunzi mfukoni akaliweka juu ya meza, kati ya vikombe. "Mzee, mimi nilinusa ile betri Jumatatu. Nikanusa Jumanne. Nilijua ni betri, nikajidanganya ni mguu wake, nikaona haya kuuliza. Jumamosi nilishika mlango nikauachilia, nikaenda kungoja mwanamke avae. Hiyo mbuzi moja ni ya kuingia. Sasa niambie. Ya kukosa kuingia ni mbuzi ngapi?"

Kiema alilitazama gunzi, hakuligusa. Nzisa, aliyekuwa akiwamiminia chai, hakuwa amesikia habari ya Jumatatu mpaka dakika ile. Aliweka birika chini, akamtazama mumewe, kisha akachukua gunzi la mama yake juu ya meza na kuondoka nalo.